Haikuwa Sumu, Kamama

Kamama wangu,

Umenikataza kuandika jina lako, na sitaliandika. Nakuita vile nilivyokuita tangu ulipokuwa unatambaa. Wanaokujua watakujua tu, na wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu: "Maman, weye ulipiga kelele mbele ya bantu bote. Sasa andika mbele ya bantu bote." Haya, naandika. Barua hii naituma kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa letu hapa Kamembe, na kwa wenzangu tunaovuka nao daraja la mpakani kwenda Bukavu kila asubuhi na mabeseni ya sambaza, wale dagaa wa Kivu. Ni wale wale waliosikia mdomo wangu siku ile. Wasome.

Mwenzio bado nimeduwaa. Miezi miwili imepita tangu uanguke, na hadi leo niko sokoni Bukavu napimia mtu samaki, ghafla mkono unasimama hewani na mteja ananiuliza, "Maman, uko mugonjwa?" Mimi! Mimi niliyekubeba mgongoni nikivuka Rusizi, niliyekukata kucha hadi ukiwa darasa la tano kwa sababu ulikuwa unazitafuna! Nimekaa na wewe nyumba moja, ugonjwa ukiwa katikati yetu mwaka na zaidi, nisiujue. Na usifikiri sikuona kitu. Hilo ndilo linanitoa jasho. Niliona kila kitu, Kamama. Nikakipa kila kitu jina lisilo lake.

Unakumbuka Krismasi iliyopita, shangazi yako alipokuja kutoka Bukavu? Hata mzigo hajautua, akakushika mashavu kwa mikono miwili akapiga kelele: "Eeh! Mutoto amenona! Rwanda inamufaa!" Na kweli mashavu yalikuwa yamejaa, yameviringana chini ya masikio. Mimi nikainua mikono, nikamshukuru Mungu mbele ya wageni, nikasema sasa mtanisikia, binti yangu halali njaa. Wewe ukatabasamu bila kufungua mdomo. Daktari wa hospitali ya Huye ndiye aliyekuja kuniambia kwamba yale hayakuwa mafuta ya mwili. Ni tezi za mate zilizovimba kwa kutapika. Nilipiga haleluya juu ya uvimbe, mwanangu.

Na maharage? Nilikuwa napika sufuria ya siku mbili, narudi jioni nakuta sufuria imeoshwa inang'aa. Mwanzo nililaumu paka wa jirani. Kisha nikamlaumu papa yako, kwamba akirudi kutoka Muganza na lori lake la saruji anakula kama timu nzima ya mpira, naye maskini akaapa kwamba hajagusa. Mwisho nikakuangalia wewe, mwembamba si mwembamba, mnene si mnene, nikacheka: "Huyu ana minyoo!" Nikakuletea dawa ya minyoo. Ukaimeza mbele yangu, ukanywa na maji, ukasema asante maman. Sasa niambie, ni nani alikuwa anamdanganya mwenzie pale? Mimi nasema nilikuwa najidanganya mwenyewe, wewe ulikuwa unanisindikiza tu.

Kila ukimaliza kula unachukua ndoo kwenda kuoga. Mvua inyeshe, baridi iwe ya meno, wewe na ndoo. Maji yanamwagika mpaka nakugombeza, "Unaoga ama unafua shuka?" Lakini kwa wenzangu nilijisifu. Nilisema binti yangu ni msafi, akila tu lazima aoge, si kama wenu. Ee Yesu! Nikikumbuka nilivyosimama pale mpakani nikijisifu, natamani nijifunike kitenge kichwani.

Matunda ya maracuja uliyoyapenda ukayaacha, ukasema yanakuchoma meno. Sauti ya kuimba ikakauka, kiongozi wa kwaya akakuondoa kwenye solo akakurudisha nyuma, nikamnunia yeye. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na makovu juu ya vifundo, ukasema ni mafuta ya moto yalikurukia ukikaanga samaki, na mimi nikakupaka dawa ya kuungua. Nilikushika vidole hivyo, nikavipuliza. Sikujiuliza mafuta gani haya yanayochagua kila mara vidole vile vile.

Nataka niseme na la gauni, ingawa daktari alinikanya nisijitafutie kosa moja nikalibeba kama msalaba. Alisema ugonjwa huu hauna mlango mmoja wa kuingilia. Sawa. Lakini mdomo ni wangu, najua nilichosema. Ilikuwa kwa fundi cherehani, tukishona nguo za wasindikizaji kwa ajili ya harusi ya binamu yako. Fundi alikuwa anakupima kiuno, wasichana wote wamesimama, nikasema kwa sauti: "Kaza hapo. Hili tumbo litatuaibisha kwenye picha." Wakacheka. Ukacheka na wewe, tena wewe ulicheka kuliko wote. Halafu siku ya harusi yenyewe ni mimi tena niliyekujazia sahani ya wali na nyama mpaka inamwagika, nikakunong'oneza, "Kula, batasema sikulishake." Kwa fundi nilikukazia nguo, harusini nikakujazia sahani. Ulitaka kunitii kote kuwili. Ungefanyaje?

Haya, sasa nifike pale ambapo wote walinisikia.

Siku ile mpakani kulikuwa na vurugu, tukarudishwa mapema. Nikaingia nyumbani saa nane mchana, nikakukuta nyuma kwenye choo, umepiga magoti, ndoo ya maji pembeni, unatapika. Uliruka kama mwizi. Nikakuuliza umekula nini. Ulisema kweli tupu: "Nilikula kwa Mama Furaha." Basi. Sikukupa nafasi ya kuongeza neno la pili.

Kwa wasiomjua, Mama Furaha ni jirani yetu, anauza chakula pale karibu na wanapoegesha pikipiki: maharage, ugali, sombe ya majani ya muhogo. Tulikaa naye mtaa mmoja Bukavu kabla ya kuhamia huku. Miaka yote niliyovuka daraja, ni kwake ulikoshinda. Alikufundisha kusuka nywele. Ulipopata surua alilala kitanda kimoja na wewe kwa sababu mimi nilikuwa na ujauzito na walinikataza nisikusogelee. Huyo ndiye niliyemwendea mbio, kilemba kimeanguka njiani, nikasimama mbele ya wateja wake waliokuwa na vijiko mdomoni: "Umempa mutoto wangu karuho! Muchawi weye! Umemulea ili umuue!"

Karuho ni ile sumu ya polepole. Sisi watu wa Kivu tunaiogopa kuliko risasi. Mtu akikonda, ni karuho. Akitapika, ni karuho. Akifa kijana, hakuna anayeuliza. Nilipolitamka lile neno, vijiko vilishuka vyote kwa pamoja. Mama Furaha alibaki ameshika upawa. Alisema maneno machache tu: "Miye? Miye niliyemulea?" Nikamtemea mate miguuni, nikaondoka.

Papa yako aliporudi Ijumaa alisema jambo la akili, na nataka liandikwe hapa, kwa sababu mara nyingi nasema hana akili. Alisema, "Tumupeleke kwanza ku bamuganga ba hospitali." Nikamrukia. "Sindano! Unataka bamupige sindano? Muntu wa sumu akipigwa sindano anakufa palepale!" Sikulitunga mimi. Kila mama hapa analijua, tulilinyonya pamoja na maziwa. Papa yako akawasha gari. Tukateremka upande wa Bugarama kwa yule mama anayewatapisha watu sumu.

Mara tatu, Kamama. Mara tatu ndani ya wiki mbili. Anakupa kikombe cha dawa ya majani, unakunywa, na mimi nakushika kichwa juu ya beseni, nakupangusa mdomo kwa kitenge changu, naomba kwa sauti. Mara ya tatu akachokora kwenye beseni kwa kijiti, akatoa kitu cheusi kama kipande cha ngozi, akasema, "Hii hapa. Imetoka." Nikapiga vigelegele. Kwenye gari nilikukumbatia nikaimba njia yote. Ulikuwa umeegemea dirisha, midomo imepauka, na nilisema moyoni, uchovu wa mtu aliyepona.

Siku nne baadaye, Jumamosi asubuhi, ulianguka katikati ya mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa darajani. Simu ikalia, nikasikia kelele na jina lako, nikaacha beseni la sambaza pale chini, mpaka leo sijui nani alilichukua. Nilikukuta hospitalini umelala, macho yamegeuka, muuguzi msichana mdogo, umri wako tu, ameshika sindano ya kukuwekea maji.

Hapa nataka wote wasome polepole. Nilimshika yule muuguzi mkono. Nilimshika kwa nguvu zote za mtu anayebeba mabeseni miaka ishirini, nikapiga kelele, "Hapana sindano! Ana sumu! Mutamuua!" Watu wakaja kunivuta, sikuvutika. Yule msichana hakupiga kelele. Alinitazama usoni akasema, "Mama, damu yake imeishiwa chumvi. Moyo unaruka mapigo. Ukinishika mkono dakika tano zaidi atakufa, na si sumu itakayokuwa imemuua. Ni wewe."

Nikauachia.

Jamani. Mkono huu ninaoandikia ndio uliokuwa umeshika. Kuna asubuhi nauangalia nashindwa kuusugua sabuni.

Daktari alikuja baadaye, mama mtulivu wa miwani. Akakuangalia meno kwa tochi ndogo, akakugeuza vidole, akavitazama vile vifundo vilivyokwaruzwa na meno. Akaniuliza, "Amekuwa akitapika kwa muda gani?" Nikamweleza kwa kujiamini, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri: nilimpeleka kwa mama mmoja, akatapishwa, sumu imetoka. Akaweka kalamu chini. "Mara ngapi?" "Mara tatu." Halafu akaniomba nitoke, akabaki na wewe, na mlango ukafungwa. Kwenye benchi la nje papa yako aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia hajasema. "Basi ni mbaya," akasema, akavua kofia.

Walipotuita ndani, yule daktari alitaja neno ambalo sijawahi kulisikia: bulimia. Nilifikiri ni jina la mdudu. Akaeleza taratibu. Mtu anakula kwa siri, chakula kingi, haraka, hawezi kujizuia, kisha aibu na woga vinamkaba, anakitoa, kesho anarudia. Alisema si tamaa, si uchawi, si pepo, na wala si mchezo wa watoto wa matajiri kama nilivyotaka kusema. Ni ugonjwa, unawapata hata wanaoonekana wanene, unaua kwa kimya, na unatibika. Mimi nilikuwa natikisa kichwa. Nilikuwa natafuta bado mtu wa kumlaumu. Nikakugeukia, tena kwa hasira, Mungu anisamehe, "Sasa kwa nini haukuniambia? Kwa nini ulikunywa yale madawa yote ukanyamaza?"

Sauti yako ilikuwa haitoki vizuri. Ulisema, "Kule kwa ule mama, weye ulinishikaka kichwa. Zile siku zingine zote nilikuwa pekee yangu."

Papa yako alitoka nje. Mimi nilibaki nimesimama, na tangu siku hiyo kuna kitu ndani yangu hakijakaa chini. Mtoto wangu alikubali kutapishwa ili ashikwe kichwa.

Leo uko hospitali ya Huye, wiki ya sita. Nikija kukuona, basi linapita msituni na mimi nimeshika mfuko wangu mapajani, najipanga maneno, nikifika yote yananitoka. Wamenifundisha mengi pale, mimi mwenye mdomo mrefu nimekaa kama mwanafunzi. Nimejifunza kutosema "umenona" wala "umekonda". Nimejifunza kula na wewe mezani bila kuhesabu tonge zako kwa macho, na ukimaliza, kubaki na wewe saa nzima tukiongea upuuzi, tukichambua maharage, chochote, mpaka ile haja ya kukimbia ipite. Mara ya mwisho nilikusimulia habari ya kuku wa mchungaji aliyeingia ubatizoni, ukacheka ukafungua mdomo wote. Niliona meno yako yalivyolika kwenye kingo. Na nilifurahi kuyaona, kwa sababu ulikuwa hujaniruhusu kuyaona muda mrefu. Najua pia Jumanne ulirudia kutapika. Uliniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Sikupiga kelele, eti? Niliuma kitenge, lakini sikupiga kelele.

Akina mama mnaosoma: mtoto akikimbilia chooni kila baada ya kula, akiwa na mashavu yaliyovimba, sauti iliyokauka, vifundo vyenye makovu, chakula kinapotea nyumbani, msifanye kama mimi. Msimpeleke Bugarama. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, mseme yote mliyoyaona, na mwacheni apigwe sindano.

Kamama, daktari amesema mwisho wa mwezi unaweza kutoka, mradi nyumbani kuwe na mtu wa kula na wewe mchana, kila mchana. Nilifurahi nikaruka. Kumbe wewe ulikuwa na neno lako. "Maman, sitarudia nyumbani. Siwezi kupita mbele ya mulango ya Mama Furaha. Nilimuacha atukanwe nikajua ni bongo, si sumu." Nikakwambia ni mimi niliyemtukana, si wewe. Ukasema, "Basi muambie." Ukakata simu.

Wiki mbili nimepita njia ya nyuma, kama mbuzi aliyekula mboga za watu. Nilitaka kumtuma mke wa mchungaji. Nilitaka kumpelekea kitenge kipya kupitia kwa papa yako. Jana nikachoka na woga wangu. Nikaacha kazi, nikaenda saa sita mchana, wateja wakiwepo. Si wengi tena kama zamani. Nikasimama pale pale niliposimama siku ile, nikasema kwa sauti ile ile: "Mama Furaha hakumpa mtoto wangu kitu. Mtoto ana ugonjwa, unaitwa bulimia, yuko hospitali, na akitoka anahitaji mtu wa kula naye kila mchana. Mimi ndiye nilitaka kumuua, kwa ujinga. Mama Furaha alimlea." Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Mama Furaha alipakua sahani ya maharage na sombe, akaja akasimama mbele yangu. Unajua desturi yetu: anayekupa kitu anaonja kwanza, uone kwamba hakuna sumu ndani. Akachukua kijiko. Nikamwambia, "Acha, mama, usionje, nipe tu." Akasema, "Nimeshazoea. Tangu siku ile naonja kila sahani ya kila muntu. Bila hivyo habakulake." Akaonja, akameza, akaniangalia, ndipo akaiweka chini.

Nilikula yote. Nilikuwa nalia na kula, sombe inashuka na machozi, na watu wanatazama. Nilipomaliza alichukua sahani, akaanza kuiosha akinipa mgongo. Nikadhani nimefukuzwa. Nikainuka.

Akasema bila kugeuka, "Weye, bado sijakusamehe."

Nikasema, ni haki yako.

"Lakini mutoto akuje. Saa sita ya kila siku, akuje akule hapa na miye. Nitamushika."

Maman wako